Mguu wa Kuku wa Staa Sio Wako: Ukitaka Revolva ya Akiba, Nunua Unayoweza Kuifanyia Mazoezi

Wadau, jina tunalibana, ila mnamjua. Yule msanii wetu wa cheni nzito na gari jeusi katupia tena picha. Safari hii hakuweka bastola moja, kaweka mbili mezani pembeni ya funguo za gari. Moja kubwa, ya pili kadogo, kanang'aa, kana tumbo la duara. Chini kaandika maneno mawili tu: "Ya akiba."

Vijana wamechanganyikiwa. Wengine wanauliza bei, wengine wanauliza inapatikana wapi. Mmoja anasema akipata hela ya mavuno kitu cha kwanza ni hako kadogo. Hapo ndo nikaona tusikae kimya.

Maana hizi picha haziishii Masaki na Sinza. Zinafika mpaka Mbingu. Sio ile ya juu tunayoombea tufike, ni Mbingu ya Kilombero, njia ya Ifakara kwenda Mlimba, kule reli ya TAZARA inapita chini ya milima ya Udzungwa na mpunga unaenda mpaka macho yanachoka. Kuna bosi mmoja wa mchele kule, mtu mzima, anajiheshimu, ana leseni na bunduki yake ndefu nyumbani miaka mingi. Kanitumia ile picha ya staa na swali: "Dogo, mimi natembea na hela za watu msimu wa mavuno. Nataka na mimi kadogo kama haka, ka akiba. Nichukue kapi?"

Nikamwambia kaka, jibu refu. Nitaliandika lote ili na wengine wasome.

Msimamo wangu uko hivi, na najua kuna watakaonuna: bastola ndogo ya akiba nzuri kuliko zote ni ile unayoweza kuifyatua mara nyingi bila kuichukia. Basi. Kama haivumilii mazoezi, au wewe huvumilii kufanya nayo mazoezi, hiyo ni bangili. Na bangili inayoua.

Kwanza, tukumbushane sheria

Hapa Bongo bastola hainunuliwi kama simu. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Mwombaji asiwe chini ya miaka 25, na aoneshe kwamba silaha anaijua. Maombi yako yanaanzia kwa watu wanaokufahamu, serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda polisi na kamati ya ulinzi na usalama. Kuwa na bunduki ndefu nyumbani hakukupi ruhusa ya kuongeza ndogo kimyakimya. Kila silaha na karatasi zake.

Mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha, watu wakapanga foleni na bastola zao, na hata Rais wa wakati ule alihakikiwa za kwake. Polisi nao mara kadhaa wametoa muda wa msamaha kwa wenye silaha haramu wazisalimishe bila kushtakiwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia "nakuletea kutoka mpakani, usijali makaratasi", huyo anakuuzia kesi.

Kama huna leseni, endelea kusoma kwa faida, lakini ya kununua hayakuhusu kwa sasa.

Kale kepesi kanauma

Sasa turudi kwenye kale ka staa. Revolva ndogo za mfukoni zina ukoo wake. Colt walitoa Detective Special mwaka 1927, ya risasi sita. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakaja na Chiefs Special, ya risasi tano, ndogo zaidi, na hiyo ndo ikawa mama wa nyingi unazoziona kwenye sinema. Mtutu kama sentimita tano, silinda ya duara, inaingia kwenye mfuko wa suruali. Risasi yake ya kawaida ni .38 Special, ya tangu mwisho wa karne ya 19.

Baadaye watengenezaji wakaanza kushindana kupunguza uzito. Mwili ukawa wa aluminiamu, kisha zikaja za madini mepesi zaidi mpaka ukiishika unadhani ni tochi. Leo Smith & Wesson 642 ya aluminiamu ina kama gramu 420. Zipo za gramu 330 na kitu. Ukilinganisha na Ruger SP101, ambayo ni chuma kitupu, utakuta inakaribia au kupita gramu 700. Risasi tano kwa tano.

Dukani kepesi kanashinda kila siku. Unakaweka mfukoni, unatembea, hukasikii. Unatabasamu, unalipa.

Ila fizikia haina huruma. Risasi ni ileile, baruti ni ileile. Bastola ikiwa na nusu ya uzito, nguvu inayorudi kwenye kiganja chako ni karibu mara mbili. Risasi tano za kwanza unasema "poa". Kumi, kidole gumba kinaanza kulalamika. Ishirini, unaanza kufumba macho kabla hujavuta triga. Na ukishaanza kufumba macho, hufanyi mazoezi tena, unajifundisha kukosea.

Kinachofuata tunakijua. Bastola inarudi kabatini na haitoki tena mpaka siku ya balaa. Siku hiyo ndo unataka mkono ukumbuke kitu ambacho haukuwahi kukijua.

Ndio maana nilimwambia kaka wa Mbingu: chukua ya chuma. Nzito kidogo, utaisikia kiunoni, mkanda utalazimika kuwa mzuri. Lakini utaweza kwenda nayo kwenye uwanja wa shabaha ukapiga risasi 50 na kesho ukashika jembe.

Uimara sio kung'aa

Watu wa mjini tukisikia "imara" tunafikiria kitu kisichochunika rangi. Kwenye revolva uimara ni mambo mengine kabisa, na ukiyajua hata fundi hatakudanganya.

Angalia silinda. Ukiwa umehakikisha haina risasi, ifunge, itikise kwa vidole. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, iache. Kila tundu la silinda linatakiwa kusimama sawasawa na mtutu kabla nyundo haijaanguka. Lisiposimama sawa, risasi inakwaruza mdomo wa mtutu ikiingia na vipande vya risasi vinaruka pembeni. Aliyesimama jirani yako ndo atakwambia.

Angalia nafasi kati ya silinda na mtutu. Lazima iwepo, nyembamba kama karatasi. Hapo hewa ya moto inatoka kwa kasi ya ajabu kila unapofyatua, kwa hiyo kidole chako kisikae hapo hata siku moja. Hiyo nafasi ikiwa pana sana, mashine imechoka.

Angalia kile kinyota cha katikati ya silinda kinachosukuma maganda nje. Chembe chache za baruti isiyoungua zikikwama chini yake, silinda haifungi vizuri au inagoma kuzunguka. Hii ndo inavunja ile hadithi ya vijiweni kwamba "revolva haikwami". Inakwama, bana. Tofauti ni kwamba ina vitu vichache vya kukwama, na risasi moja ikigoma kuwaka unavuta tena, inakuja nyingine. Lakini ikikwama kwelikweli, hutaifungua barabarani. Inataka fundi na meza.

Halafu kuna kitu ambacho wapenda vyepesi hawaambiwi. Kwenye bastola nyepesi kupita kiasi, mtikisiko wa kufyatua unaweza kuvuta vichwa vya risasi zilizobaki vikatoka kidogo kwenye maganda yake. Kichwa kikichomoza mbele ya silinda, silinda haizunguki. Yaani umepiga moja au mbili, na zilizobaki ni mapambo. Ya chuma, kwa sababu haitikisiki sana, shida hiyo inapungua mno.

Mimi kwa hela yangu ningeangalia vitu vinne tu: mwili wa chuma, silinda inayofunga kwa uhakika, mshikio wa mpira unaojaza kiganja, na nyundo iliyofichwa ndani ili isinase kwenye shati. Rangi na michoro ya dhahabu ningewaachia wasanii.

Bonde lina jasho lake

Kilombero sio Arizona. Kuanzia mvua za vuli mpaka masika, bonde linakuwa kama sufuria lenye mfuniko. Ukitoka Ifakara mpaka Mbingu kwa bodaboda, shati limelowa hata kama haijanyesha. Kila kinachogusa kiuno chako kinakula chumvi ya jasho.

Mwaka 1965 Smith & Wesson walitoa Model 60, revolva ya kwanza kutengenezwa kwa stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu haraka. Watu waliipenda kwa sababu hiyohiyo: bastola ya kubebwa mwilini inaishi kwenye jasho. Kwa mtu wa bondeni hilo sio anasa. Ile nyeusi ya rangi ya zamani inapendeza kwenye picha, lakini wiki mbili za Machi zinatosha kuiota madoa ya kahawia.

Na hata stenlesi haijasema haishiki kutu. Ifute kila jioni kwa kitambaa na mafuta kidogo. Kidogo, sio kuimwagia. Usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi, maana ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatia usiku kucha. Risasi ulizotembea nazo msimu mzima, zilizolowa jasho na kukauka, zitumie kwenye mazoezi na uweke mpya. Barabara zetu za vumbi na mashimo zinalegeza skrubu, kwa hiyo zikague.

Mfukoni, bastola ikae peke yake, ndani ya kifuko kinachofunika triga. Usiichanganye na funguo wala shilingi mia mbili. Funguo ikiingia mbele ya triga na wewe ukakaa vibaya kwenye bodaboda, mguu ni wako.

Mazoezi: hapa ndo mastaa wote wanafeli

Triga ya revolva ndogo ni ndefu na ngumu. Kuivuta ni kama kunyanyua ndoo ya lita tano kwa kidole kimoja, huku bastola yenyewe ina uzito wa mfuko wa sukari usiojaa. Kwa mtutu mfupi hivyo, kosa dogo la kidole mkononi ni kosa kubwa mbele. Mtu asiyefanya mazoezi anaweza kukosa mlango akiwa sebuleni. Sikutanii.

Kwa hiyo mazoezi yana sehemu mbili.

Ya kwanza ni kavu, nyumbani. Unatoa risasi zote, unahesabu tano, unazipeleka chumba kingine. Unarudi, unafungua silinda, unaangalia tena. Unachagua ukuta mnene ambao nyuma yake hakuna mtu. Unavuta triga taratibu mara kumi, kumi na tano, ukiangalia kama mtutu unatingishika. Basi. Dakika tano, mara kadhaa kwa wiki, bila gharama. Ukimaliza, unatamka kwa sauti "nimemaliza", ndipo unarudisha risasi, na hurudii "kamoja ka mwisho". Kale kamoja ka mwisho ndo kametoboa televisheni za watu. Na revolva za .22 usizifanyie hivi bila risasi bandia, sindano yake inagonga ukingo wa tundu na kuuharibu.

Ya pili ni ya risasi za kweli, na hii inafanywa sehemu moja tu: kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika, chini ya mtu anayejua. Najua mtu wa Mbingu atasema, "Mwanangu, mimi nina heka zangu, nitapiga huko shambani." Usijaribu. Bonde ni tambarare. Risasi ya .38 inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja kabla haijachoka. Kwenye mpunga mrefu huoni mama aliyeinama anapalilia, huoni mtoto anayefukuza ndege. Majirani nao wakisikia mlio, na historia ya migogoro ya wakulima na wafugaji bondeni tunaijua wote, hawatasubiri kuuliza kama ni mazoezi.

Uwanja uko mbali na risasi zina gharama, na zinahesabiwa kwenye leseni yako. Sawa. Ipangie safari. Ukienda Moro au Dar kupeleka mchele, weka na siku ya shabaha. Kama kwa mwaka mzima huwezi kupata siku tatu nne za kufanya hivyo, jibu lako umeshalipata: usinunue.

"Si bora ya magazini tu?"

Najua mtauliza. Bastola za kisasa za magazini zinabeba risasi nyingi, nyembamba, na nyingine mazoezi yake ni rahisi zaidi. Ni kweli, sibishi. Mtu anayefanya mazoezi kila wiki huenda zikamfaa kuliko revolva.

Ila kwa silaha ya pili, ya mtu mwenye kazi zake nyingine, revolva ina uaminifu fulani. Ukifungua silinda unaona kila kitu: risasi zipo au hazipo. Hakuna ile "nimetoa magazini kumbe moja imebaki ndani", ambayo imeua watu wengi duniani nyumbani kwao. Haina swichi ya kusahau. Bei ya huo uaminifu ni risasi tano tu, na kujaza tena ni polepole. Ukijua hilo mapema, hutaenda kutafuta ubingwa nayo.

Na wale wanaosema wanataka kadogo kwa ajili ya wanyama: acheni mzaha. Tembo wa Udzungwa hatishwi na revolva ya mfukoni, utamkasirisha na utaacha kesi kwa ndugu zako. Kiboko wa mto Kilombero vilevile. Mambo ya wanyama waachie watu wa wanyamapori.

Ukweli ambao staa haposti

Machi 2017 nchi nzima ilishinda inaangalia picha ya mtu aliyevaa kiraia akimchomolea bastola waziri aliyekuwa ametoka tu kuondolewa uwaziri, mchana kweupe, Dar. Hakuna risasi iliyompata mtu. Lakini ile picha mpaka leo ukiitaja kila mtu anaiona. Bastola ikitoka kiunoni hairudi kama ilivyotoka. Hata usipofyatua, umeshabadilisha maisha yako na ya uliyemwelekezea.

Kwa hiyo swali la kaka wa Mbingu lina swali lingine ndani yake: kwa nini unatembea na keshi? Hela ya mpunga ingeweza kupita kwenye simu au benki, nusu leo, nusu kesho. Wakulima wengi wanataka noti mkononi, naelewa, makato yanauma na wakala akiishiwa salio umekwama. Lakini kila laki unayoitoa kwenye begi inapunguza sababu ya mtu kukuvizia. Revolva haipunguzi hiyo sababu. Tena ikijulikana unayo, yenyewe inakuwa sababu. Wapo majambazi wanaomfuata mtu kwa ajili ya bastola yake, sio hela.

Na hapo ndo yule msanii wetu anaponiudhi. Silaha ya akiba kazi yake ni kutojulikana. Ukiiposti, umemwambia mwizi unayo, iko wapi, na ina risasi ngapi. Umewaambia na watoto wa nyumbani kwako kwamba ni kitu cha kuchezea pembeni ya funguo. Sanduku la chuma lenye kufuli halipigwi picha, ndo maana hatujui kama analo.

Kaka alinijibu hivi: "Dogo, kwa hiyo unaniambia ninunue au nisinunue?"

Nikamwambia: shikamoo kwanza, maana nimeongea sana. Pili, omba kibali kwa njia iliyonyooka. Ukipata, chukua ya chuma, stenlesi, risasi tano, nyundo ya ndani, na sanduku la kufuli siku hiyohiyo. Tenga hela ya risasi za mazoezi sawasawa na hela ya bastola yenyewe. Ukiona hiyo hesabu ya pili inakuuma, basi hela yote peleka kwenye akaunti ya simu, na usiku usisafiri.

Kanijibu na kidole gumba tu. Sijui kama ni sawa au ni "nimekusikia".

Haya wadau, uwanja wenu hapo chini. Wenye leseni, tuambieni mara ya mwisho mmepiga shabaha lini. Na msimwage majina ya watu.